Asiyekuwepo na Lake Halipo: Maendeleo ya Wadi Yaanze na Wakazi Wenyewe

*Haya ni maneno ya msimamizi wa wadi mmoja katika Kaunti ya Kwale alipofungua kikao cha kukusanya maoni ya wakazi kuhusu Mpango wa Maendeleo wa Mwaka. Tunayachapisha ili wakazi ambao hawakufika wayasome, na wale ambao vikao vyao vinakuja wajiandae.*



Nawashukuru kwa kuja. Najua kila mmoja ameacha kazi. Kuna aliyeacha jembe shambani, kuna aliyeacha pikipiki yake stejini, na kuna mama karanga aliyemwachia jirani karai na samaki ili aje asikilize. Muda wenu ni pesa, na sitaupoteza.

Naona pia viti vilivyo wazi. Asubuhi nikija nilikutana na watu njiani, nikawauliza mbona hawaji. Mzee mmoja akanijibu, "Mwanangu, kila mwaka twaitwa, twasema, twaandikwa, kisha hatuoni kitu." Sikuwa na jibu la haraka la kumpa pale barabarani. Kwa hiyo leo, kabla hatujaorodhesha hata mradi mmoja, nataka nijaribu kulijibu neno la yule mzee.

Soko lisilo na wachuuzi

Nitaanza na kosa, na kosa hilo nililishiriki mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nikifanya kazi mahali pengine, tulijenga soko. Lilikuwa soko zuri: ukuta wa mawe, paa la mabati, meza za saruji, choo na tangi la maji. Lilijengwa ndani kidogo, mbali na barabara, kwa sababu huko ndiko kulikopatikana kiwanja cha bure.

Kikao cha wananchi kilifanyika. Kiliitwa saa nne asubuhi, siku ya soko. Mwajua wenyewe nani huwa na nafasi saa nne asubuhi siku ya soko. Wachuuzi hawakuja, kwa sababu walikuwa wakiuza. Waliokuja walikunywa soda, wakatia sahihi, wakaondoka. Karatasi ya mahudhurio ilijaa, na mimi ni mmoja wa walioandika kwenye ripoti kwamba wananchi wameridhia.

Soko likafunguliwa kwa ngoma. Baada ya miezi michache lilikuwa zizi la mbuzi wakati wa mvua. Kina mama walibaki palepale kando ya barabara, jua na vumbi vyao. Nilimwendea mmoja wao nikamuuliza kwa nini hahamii sokoni. Hakunikasirikia. Alinicheka tu, akasema, "Mwanangu, soko halifuati ukuta. Soko lafuata miguu ya watu."

Neno hilo lingetugharimu nauli ya pikipiki tu kulipata kabla ya ujenzi. Tulilipata baada ya mamilioni kuzikwa kwenye saruji. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba kumuuliza mkazi si hisani tunayomfanyia wala adabu tu. Mkazi ana habari ambayo mhandisi hana. Mhandisi ajua nguzo iwe na unene gani, lakini mama karanga ndiye ajuaye mteja hushukia wapi.

Waliyoyafanya jirani zetu wa Gazi

Sasa niwape mfano wa upande wa pili, na sitaenda mbali. Uko humu humu Kwale, katika ghuba ya Gazi.

Mikoko ya pwani yetu ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, enzi za mkoloni. Kutangazwa hakukuilinda. Katika miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa sana kwa ajili ya kuni za viwandani. Palipokuwa na msitu pakabaki tope tupu. Na mwajua mikoko ikiondoka huondoka na nini: mazalia ya samaki, kaa na kamba, miti ya kujengea, na kinga ya ufuo dhidi ya mawimbi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya walianza kupanda tena mikoko pale, wakifanya kazi na wanakijiji. Wengine waliobeba miche hiyo kwenye tope ni kina mama wa pale pale. Miti mingine ilikufa, wakajifunza mkoko upi hupandwa wapi, wakapanda tena. Haikuwa kazi ya mwaka mmoja.

Ndipo mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni. Wanalinda hekta 117 za mikoko. Miti hiyo, na zaidi lile tope lililo chini yake, hufyonza na kuhifadhi hewa ya kaboni inayochangia kuliharibu tabianchi. Kiasi hicho hupimwa na kukaguliwa, takriban tani 3,000 kwa mwaka, na watu na makampuni ya ng'ambo hulipia. Mradi huu unatambuliwa kuwa wa kwanza duniani ambapo jamii ililinda mikoko na kuuza kaboni yake kwa utaratibu huo. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Lakini sikuwaletea habari hii kwa ajili ya tuzo. Nimeileta kwa sababu ya jinsi pesa zinavyoamuliwa. Kuna kamati iliyochaguliwa na wanakijiji, yenye wanaume na wanawake wa vijiji vyote viwili. Pesa zikiingia, sehemu hulipia ulinzi na upandaji wa miti, na sehemu iliyobaki huwekwa mbele ya baraza. Wanakijiji ndio wanaosema: mwaka huu maji, mwaka ujao shule. Ndivyo walivyovuta maji ya bomba, wakanunua vitabu, wakakarabati madarasa. Na kwa kuwa mtu hawezi kuambiwa asikate mkoko huku hana kuni za kupikia, walipanda pia mivinje ili wapate kuni na miti ya kujengea pasipo kuugusa msitu.

Niwe mkweli kwenu. Pesa zile si nyingi. Katika miaka ya mwanzo zilikuwa takriban dola 12,000 za Marekani kwa mwaka, na ukizigawa kwa kila mtu, hazimtajirishi hata mmoja. Kilichozipa nguvu ni kwamba kila mtu kijijini aweza kukuonyesha bomba na kusema, "Hili lilitoka kwenye mikoko yetu." Mtu akijua bomba limetoka kwenye msitu, akimwona mwenye shoka hanyamazi. Askari wa msitu hawezi kuwa kila mahali, lakini jirani yupo siku zote. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Majirani wengine wameuona mfano huo. Watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, kule mpakani, wameanzisha mradi wao kwa zaidi ya hekta 400 za mikoko. Walikwenda kujifunza kwa wavuvi na wakulima kama wao, na jambo likaenea.

Neno kuhusu wanaokuja na mikataba

Kwa sababu habari za kaboni zimeenea, watakuja watu na mikoba na karatasi. Wengine ni wema, wengine sivyo. Msitie sahihi chini ya mwembe kwa haraka. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, ilivyorekebishwa mwaka 2023, inataka pawe na mkataba wa maendeleo ya jamii, na kwa miradi ya ardhi jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, gharama za uendeshaji zikishatolewa. Na kama ardhi ni ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema mkataba na mwekezaji hauna nguvu mpaka uidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo katika mkutano ulioitwa kwa ajili hiyo. Si mzee mmoja wala wanakamati watano hotelini.

Nalitaja hili kwa sababu sisi watu wa Kwale tumeonja uchumi wenye tarehe ya mwisho. Uchimbaji wa madini ya titani ulikoma mwishoni mwa 2024. Uliajiri vijana wetu, ukalisha wenye hoteli na wenye nyumba za kupangisha. Ulipokoma, wengi walirudi nyumbani na cheti mkononi. Simlaumu mtu, madini huisha. Lakini swali lililo mbele yetu leo ni hili: ni uchumi gani tuujenge ambao kesho hakuna atakayetuambia umeisha? Jibu halitatoka Nairobi. Lipo katika minazi, korosho na maembe yetu, katika bahari yetu, mifugo yetu na mikono ya vijana wetu. Kaunti yaweza kusaidia, lakini haiwezi kulijua jibu hilo msipolisema ninyi.

Kwa nini mlisema na hamkuona

Sasa nimrudie yule mzee wa barabarani. Kwa nini watu wanasema na hawaoni?

Sababu moja ni uzembe wetu sisi maafisa, na nitaifikia. Sababu nyingine ni kalenda, ambayo hatujaieleza vya kutosha.

Pesa za kaunti hufuata njia moja kila mwaka. Kwanza kuna mpango wa miaka mitano. Kutoka huo hutolewa Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao lazima ufike Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Kisha kufikia tarehe 28 Februari huwasilishwa waraka wa mwelekeo wa fedha, unaosema kila idara itapata kiasi gani. Kufikia tarehe 30 Aprili huwasilishwa makadirio ya bajeti yenyewe. Mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai.

Hesabuni nami. Tunachosema katika kikao hiki kinaingia kwenye mpango wa Septemba, na kikipita vikwazo vyote kitapata pesa mwaka wa fedha unaoanza Julai ijayo. Baada ya hapo kuna zabuni. Kwa hiyo mradi mnaoutaja leo, mambo yakienda vyema, mtauona ukichimbwa msingi baada ya mwaka mmoja au zaidi. Mtu asipoambiwa hivyo, mwezi wa tatu akiangalia haoni kitu, husema amedanganywa. Ana haki ya kusema hivyo, maana hatukumweleza.

Jambo jingine: jambo ambalo halimo katika mpango wa Septemba ni vigumu sana kuliingiza katika bajeti ya Aprili. Wengi hujaa ukumbini Aprili na Mei, wakati mlango umeshafungwa nusu. Wachache huja sasa, wakati uko wazi. Ndiyo maana nasikitika kuviona viti hivi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na katika bajeti methali hiyo ni sheria kamili.

Na pesa hazitoshi kila kitu. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Nyingine hulipa wauguzi, walimu wa chekechea, dawa na uendeshaji. Hiyo ya maendeleo hugawanywa kwa wadi zote. Kwa hiyo leo tutabishana, na kubishana ni kuzuri. Kijiji kimoja kitataka barabara, kingine kisima. Naomba tubishane kwa hoja, si kwa kupandiana sauti, na mwisho tupange: la kwanza, la pili, la tatu. Orodha ya mambo arobaini yasiyopangwa ni sawa na kumpa afisa ruhusa ya kuchagua alitakalo.

Pendekezo lenye miguu

Ukisema "tunataka maendeleo" umesema kitu kizuri, lakini hakiandikiki. Pendekezo lenye miguu hujibu maswali machache.

Ni wapi hasa? Taja kijiji, taja njia, taja mwembe ulio karibu.

Ni nani watakaofaidika, na sasa hivi wanafanyaje? Kama kina mama huteka maji mbali, semeni huondoka saa ngapi na hurudi saa ngapi.

Ardhi ni ya nani? Hapa miradi mingi imekufia. Mzee hutoa kiwanja kwa mdomo, kwa moyo safi. Mzee akifariki, watoto huja na hati. Kiwanja kitolewe kwa maandishi, familia ikishuhudia, kabla ya tofali la kwanza.

Nani atautunza ukishaisha? Pampu ya maji huharibika. Ni nani atakusanya shilingi za kuitengeneza, na vitabu vyake vya hesabu vitasomwa wapi?

Na swali la mwisho, ambalo mama wa sokoni alinifundisha: je, wale watakaoutumia wameulizwa? Kama ni soko, wachuuzi wako wapi? Kama ni banda la samaki, kikundi cha usimamizi wa ufuo kimesema nini? Kama ni zahanati, mama mjamzito aishiye mbali kuliko wote atafikaje usiku?

Hapo naongeza neno kwetu sisi tunaoita vikao. Tukiita mkutano wakati wa bamvua maji yakiwa yamekupwa, kina mama wanaotafuta pweza na chaza hawatakuja, wako miambani. Tukiita Ijumaa adhuhuri, wengine wako msikitini. Tukiongea Kiswahili cha vitabu na Kiingereza cha ofisini, bibi anayesema Kidigo au Kiduruma atakaa kimya mpaka mwisho. Na mtu wa kiti cha magurudumu akikuta ngazi tatu mlangoni, tumeshamwambia asiingie. Katiba ya mwaka 2010, pale inapoeleza ugatuzi na fedha za umma, imewapa wananchi haki ya kushiriki. Haijasema haki hiyo ni ya wenye nafasi saa nne asubuhi.

Mradi ukishaanza

Kazi yenu haiishii kwenye kupendekeza. Mwanakandarasi akija, lazima awepo mtu wa kumwangalia. Chagueni kamati ya mradi leo leo, na mhakikishe ina fundi anayejua saruji ikichanganywa vibaya huonekanaje, mama anayeishi karibu na eneo la ujenzi, na kijana anayeweza kupiga picha kwa simu na kuweka tarehe.

Angalieni kibao cha mradi: kimeandikwa gharama gani, kazi gani, muda gani? Kama hakuna kibao, ulizeni. Kama mnataka kuiona orodha ya vipimo na gharama, iombeni kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa afisa siku zisizozidi 21 kujibu. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inawapa haki ya kuleta malalamiko rasmi, na inazilazimu ofisi za kaunti kuyajibu. Kuuliza si uadui. Afisa anayefanya kazi safi hufurahi kuulizwa, kwa sababu majibu anayo.

Vijana, nina neno na ninyi. Sheria imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Wengi wenu mwalalamika kwamba wajenzi hutoka mbali, lakini hamjasajili kikundi. Njooni ofisini, tuwasaidie kuanza.

Ahadi yangu

Nilisema sababu moja ya watu kutoona ni uzembe wetu. Ni huu: twachukua maoni, twaondoka, haturudi kusema kilichotokea. Mtu hawezi kuendelea kuzungumza na ukuta.

Kwa hiyo naahidi hili mbele ya wazee na mwakilishi wetu wa wadi. Kila pendekezo la leo litapewa nambari na kuandikwa katika daftari mbili, moja yangu na moja itakayobaki kwa mzee wa kijiji. Mpango ukishawasilishwa, nitarudi hapa na karatasi yenye safu tatu: lililoingia, lisiloingia, na kwa nini halikuingia. Karatasi hiyo itabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya wadi, shuleni na kwenye msikiti na kanisa watakaoturuhusu. Nisiporudi, mnayo daftari. Ichukueni mje nayo ofisini, mnidai.

Nanyi naomba ahadi moja. Kila aliye hapa, kikao kijacho aje na mmoja ambaye leo hayupo. Kama ni mama karanga, amlete mwenzake, na tutauliza kwanza saa wanayoweza. Yule mzee wa barabarani nitamfuata mwenyewe nyumbani kwake.

Watu wa Gazi hawakuanza na pesa. Walianza na tope, miche, na uamuzi wa kukaa pamoja mpaka waelewane. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Haya, mwenye kalamu afungue daftari. Tuanze na kijiji cha mbali zaidi, kwa sababu huwa ndicho kinachosemwa mwisho wakati watu wamechoka. Mama pale nyuma, nimeuona mkono wako. Karibu, sema.